Usiku wa Roy Jones, na taulo ambalo hakuna aliyelirusha

Haya maneno niliyasema Jumamosi jioni pale Magomeni, Mtwara, kabla ya mapambano ya vijana kuanza. Niliombwa dakika kumi nikala nusu saa. Mpwa wangu alikuwa ananirekodi kwenye simu, ndo kayaandika kama yalivyotoka, mimi nimetoa tu zile sehemu nilizokuwa nagombana na mtu wa spika.

Assalam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni, na mama zangu mliokuja kuangalia watoto wenu wakipigwa, shikamooni mara mbili, maana mtoto akiumia huku nyie ndo mnaokesha nae.

Mimi sio msemaji. Nimebeba magunia bandarini miaka ishirini na mbili na nimepigana ngumi miaka kumi na mbili, na kazi zote hizo mbili hazifundishi mtu kuongea. Ila huyu mwenyekiti wa maandalizi kanifuata nyumbani juzi akasema mzee njoo utupe historia kidogo. Nikamuuliza hao vijana wako wanamwangalia nani kwenye simu zao? Akasema Roy Jones, mzee, yule bondia wa Marekani, kutwa Roy Jones, wanashusha mikono kama yeye, wengine wanaweka mikono mgongoni kabisa. Nikasema basi nakuja. Maana vile vipande vya sekunde thelathini mnavyoviangalia nyie, vinaishia pale pale ambapo hadithi yenyewe ndo inaanza.

Nianze na usiku mmoja. Tarehe 1 Machi mwaka 2003, Las Vegas, Marekani. Kwa sisi huku Kusini 2003 ndo mwaka lilipofunguliwa daraja la Mkapa kule Rufiji, mnaokumbuka mnakumbuka, kabla ya hapo kwenda Dar wakati wa masika ilikuwa unaaga nyumbani kama unaenda Hija. Gesi ya Mnazi Bay bado haijaanza kutupa umeme, taa za mji huu zilikuwa za jenereta za dizeli, leo upo kesho haupo. Kwahiyo usidhani tuliliangalia lile pambano siku ile ile. Kanda ilikuja baada ya wiki kadhaa, imekopiwa juu ya nyingine, tukaingia kibanda cha video tumejazana kama dagaa kwenye tenga, na umeme ukakatika raundi ya tano. Tukakaa gizani. Hakuna aliyetoka! Tulikaa mle kwenye joto mpaka ukarudi, maana mtu aliyekuwa anapigana usiku ule alikuwa anafanya kitu ambacho hakijafanyika kwa miaka 106.

Nieleze hiyo 106. Mwaka 1897 kulikuwa na bondia anaitwa Bob Fitzsimmons, alikuwa bingwa wa uzito wa kati, akapanda akampiga James Corbett akawa bingwa wa uzito wa juu. Baada yake wakapita mabingwa wa uzito wa kati wengi tu, wakubwa, waliojaribu wakashindwa na wengi hata hawakujaribu. Mpaka akaja Roy.

Roy Jones kazaliwa Januari 1969, Pensacola, jimbo la Florida, mji wa pwani kama huu wetu. Kwenye Olimpiki ya Seoul 1988 alipigana kilo 71, ni katoto ka miaka kumi na tisa, tena kembamba. Alipoanza kulipwa akachukua ubingwa wa uzito wa kati kwa kumshinda Bernard Hopkins 1993, akapanda akamchezea James Toney Novemba 1994, na Toney wakati huo hajawahi kupoteza na watu walikuwa wanamuogopa kweli kweli. Akapanda tena kilo 79. Halafu kule juu anaenda kupambana na John Ruiz, bingwa wa WBA, moja ya vyama vya ngumi vya dunia, mtu ambae mzani ulisoma pauni 226. Kwa kilo zetu ni mia na mbili na nusu. Yaani chukua gunia la korosho la kilo 80, mpandishe juu yake mtoto wa darasa la kwanza, ndo Ruiz huyo. Roy mzani ulisema pauni 193, kilo 87 na nusu. Tofauti ya kilo kumi na tano! Nyie hapa tukiwapambanisha mkapishana kilo nne tu mama zenu wanapanda ulingoni na kanga kunipiga mimi.

Na Ruiz sio mtu wa kuchezea. Hakuwa fundi, lakini alikuwa anakukumbatia, anakulalia, anakusukuma kwenye kamba, kazi yake ni kukuchosha. Watu walisema Roy ataonewa. Raundi ya kwanza Ruiz kaja kwa nguvu, kamsukuma sukuma, mle kibandani mzee mmoja mvuvi kasema huyu mdogo leo anazama. Basi ile raundi ndo ilikuwa ya mwisho kwa Ruiz kujisikia mkubwa. Roy akaanza kumpiga mkono wa mbele, kitu ambacho hata yeye hakuwa anakitumia sana, pa, pa, anatoka. Ruiz akija anakuta hewa. Raundi ya nne mkono wa kulia ukamfikia sawasawa, ukaona kabisa lile jitu limetikisika, na kuanzia hapo halikutaka tena kusogea karibu. Mtu wa kilo mia anamuogopa mtu wa kilo themanini na saba. Raundi kumi na mbili zikaisha, majaji watatu wote kwa Roy: 118 kwa 110, 117 kwa 111, 116 kwa 112.

Mimi nimeangalia ngumi tangu nikiwa na miaka kumi na nawaambia ule ulikuwa usiku wa mtu aliyekamilika. Hakukuwa na mbwembwe nyingi siku ile, nadhani ndo maana wengi wenu hamjakutana nalo kwenye simu. Mbwembwe zake zipo kwingine. Zipo kwa Glen Kelly, Februari 2002, pale alipoweka mikono yote mgongoni, Kelly akaona nafasi akasogea, halafu mkono wa kulia ukatoka usikojua umetoka wapi, kwisha, raundi ya saba. Unajua alijifunza wapi ule mchezo? Kwa jogoo. Roy alikuwa anafuga majogoo ya kupigana na amesema mwenyewe kwamba anawaangalia wanavyovizia. Jogoo hana mikono ya kujikinga, anacheza na shingo na miguu, anakupa kichwa afu anakinyima. Mwaka 1995 alipigana na Vinny Pazienza, kuna raundi nzima, raundi ya nne, Pazienza hakumpata hata ngumi moja. Dakika tatu, sifuri. Na Juni 15, 1996 mchana alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa, jioni yake akapanda ulingoni kutetea mkanda, akashinda. Nani anafanya hivyo? Wewe ukicheza mpira mchana hata mkutano wa jioni huji.

Sasa nisikilizeni hapa, hasa nyie makocha.

Roy alikuwa hajikingi kama tunavyowafundisha. Mikono chini, kidevu juu, anaegemea nyuma, anaruka na mkono wa kushoto kutoka mbali. Kila kocha mwenye akili angemwambia mwanangu hiyo ni makosa. Na ilikuwa makosa! Ila alikuwa na jicho na kasi, ngumi ikianza kutoka begani kwako yeye keshaiona keshaondoka, kwahiyo makosa yake yalikuwa hayana bei. Miaka kumi na minne watu wanamtafuta hawampati. Hadi wakati ule kapoteza pambano moja tu, na Montell Griffin mwaka 1997, tena kwa kufukuzwa, alimpiga mwenzie akiwa ameshapiga goti, na miezi mitano baadae wakarudiana akamlaza raundi ya kwanza. Hakuna aliyejua kidevu cha Roy Jones kikoje kwasababu hakuna aliyekifikia.

Na kasi ni kitu cha kuazimwa jamani, haiagi ikiondoka. Mkono wenye nguvu unabaki nao mpaka uzeeni, mimi hapa nina miaka sitini na kitu nikikupiga begani utalala na maumivu. Ujanja unabaki. Lakini ile nusu ya sekunde, ile ya kuona na kuondoka, siku moja unaona vizuri tu ila mwili haujaondoka.

Usiku wa Ruiz Roy ana miaka 34. Kajaza nyama, alikuwa na mtaalamu wa mazoezi anaitwa Mackie Shilstone, wakapandisha misuli kwa kazi kubwa. Mkanda wa uzito wa juu uko kiunoni. Mimi pale kibandani nilisema kwa sauti, mashahidi wengine wapo hapa, nilisema huyu angeacha leo. Leo hii hii, avue glavu aziache katikati ya ulingo aende zake Pensacola kwa majogoo yake. Yule mzee mvuvi akanijibu, ungeacha wewe? Nikanyamaza. Nitawaambia baadae kwanini nilinyamaza.

Hakuacha. Alirudi chini. Akatoka kule kwenye uzito wa Ruiz akarudi mpaka kilo 79 kupambana na Antonio Tarver tarehe 8 Novemba, mwaka huo huo. Mnaoshusha uzito mnajua. Kushusha mafuta ni jambo moja, kushusha nyama uliyoijenga kwa jasho ni jambo lingine, mwili unajila wenyewe. Kwa mzani rasmi ni kilo nane, na sio kilo nane za chapati. Siku ile Roy alikuwa mkavu, macho yameingia ndani, raundi za katikati yuko kwenye kamba anapigwa mbavu na mikono, kitu ambacho hatujawahi kukiona. Alishinda. Jaji mmoja alitoa sare na wawili wakampa. Raundi mbili za mwisho alizitafuta kwa moyo tu, kwasababu miguu ilishagoma. Mimi kwa maoni yangu kama unataka kumjua Roy Jones mwanaume, sio yule wa mikono mgongoni, angalia raundi ya kumi na moja na kumi na mbili za lile pambano. Lakini pia kama wewe ni mtu wa kona yake, usiku ule ndo ulipaswa kumkalisha chini.

Wakarudiana Mei 15, 2004. Wako katikati ya ulingo, refa anatoa maelekezo, anauliza kuna swali? Tarver anasema mimi ninalo. Anamgeukia Roy: una kisingizio gani leo, Roy? Jamani. Watu walicheka dunia nzima. Maana baada ya lile la kwanza Roy alisema uzito ndo ulimchosha. Raundi ya kwanza Roy kaicheza vizuri tu. Raundi ya pili wote wawili wakarusha kwa pamoja, Roy wa kulia, Tarver wa kushoto, Tarver ni mtu wa shoto. Mwaka mmoja nyuma ile ya Roy ingefika kwanza. Siku ile ya Tarver ndo ikafika. Akaanguka chini, akainuka anayumba, refa akamkumbatia.

Mle kibandani hakuna aliyeshangilia wala kuzomea. Nilisikia mtu mmoja nyuma anasema "hapana" taratibu, kama amepigiwa simu ya msiba.

Kuna watu, na hili tunabishana mpaka leo kwenye kahawa pale Feri, wanasema Roy aliharibiwa na uzito tu, asingepanda kwa Ruiz angeendelea miaka mitano. Mimi sikubali yote. Uzito ulifungua mlango, sawa, lakini kilichoingia kilikuwa njiani tayari. Mtu anayeishi kwa kuona na kukwepa anakuja kuishiwa, na yeye hakuwa na nyumba ya pili ya kuhamia. Hopkins, yule ambae Roy alimshinda 1993, ni mkubwa kwa Roy kwa miaka minne, lakini alijifunza kujikinga, kukaba, kupigana taratibu, akawa bingwa mpaka ana miaka 49. Roy mikono ilishazoea kukaa chini. Huwezi kuanza kufundishwa kunyanyua mikono ukiwa na miaka 35 na mikanda ukutani.

Miezi minne baada ya Tarver, Septemba 25, 2004, wakamletea Glen Johnson, mzaliwa wa Jamaika, mchapakazi, mtu aliyekuwa ameshapoteza mapambano tisa. Wakadhani ni wa kujipozea. Johnson akampiga tangu kengele ya kwanza mpaka raundi ya tisa akamlaza, na safari hii Roy hakuinuka, alilala pale dakika kadhaa watu wamemzunguka. Hapo hapakuwa na kilo za kulaumu.

Nitapita haraka huku maana naona mama zangu wananiangalia vibaya. 2005 Tarver tena, kapoteza kwa pointi. 2008 Joe Calzaghe, Roy kamuangusha raundi ya kwanza tukaruka kwenye viti, baada ya hapo raundi kumi na moja zote kachapwa. 2009 kaenda Australia, Danny Green, raundi ya kwanza tu kwisha. 2011 Moscow, Denis Lebedev, zimebaki sekunde chache raundi ya kumi iishe, kasimama kwenye kamba haoni, kapigwa moja akaanguka. 2015 Moscow tena, Enzo Maccarinelli, raundi ya nne kaenda chini uso kwanza. Ana miaka 46. Katikati hapo alikuwa anashinda pia, anashinda na watu ambao majina yao hata yeye nadhani keshasahau. Mwaka 2018 kapigana nyumbani Pensacola kashinda kasema basi, afu 2020 kapanda na Mike Tyson pambano la maonyesho, afu 2023 kapanda tena na Anthony Pettis, mtu wa MMA, ule mchezo wa kuchanganya ngumi, mateke na mieleka, kapoteza. Ushindi 66, kapoteza kumi. Kati ya hizo kumi, tisa ni baada ya ule usiku wa Ruiz. Tisa!

Na sio kwamba hakujua. Hili ndo linaloniuma. Gerald McClellan alikuwa wa rika lake, waliwahi kupambana wakiwa ridhaa na McClellan akashinda. Februari 1995 McClellan kapigana London na Nigel Benn, kaumia kwenye ubongo, akapofuka, mpaka leo anatunzwa na dada zake. Roy aliliona hilo akiwa na miaka 26, kwenye ubora wake wote, na amelizungumzia mara nyingi. Alijua kuliko mimi na wewe. Na bado.

Sasa nirudi kwa swali la yule mzee. Ungeacha wewe?

Mwaka 1991 nilipigana Lindi na jamaa mmoja katoka Dar, ana jina, mimi nina gari moja la mashabiki kutoka huku na hata hilo gari lilikuwa la korosho. Raundi nane. Wanangu, siku ile nilikuwa naiona ngumi kabla mwenyewe hajaiwaza. Sijui niwaambieje. Nilimpiga mpaka mashabiki wake wakaanza kuimba jina langu, tumerudi usiku ule juu ya magunia, tumefika Mingoyo watu wamewasha moto wa makuti barabarani wanatusubiri. Nilikuwa na miaka 29. Nikawa nautafuta ule usiku miaka mitano mizima. Nilidhani uko kwenye pambano linalofuata. Kila nikipanda najiambia leo utarudi, na kila nikishuka nimeongeza kitu kibovu: sikio, mkono, usingizi. Mwaka 1996 nikapigwa na kijana aliyekuwa ananibebea begi langu la mazoezi, kijana mwenye adabu kabisa, aliniamkia shikamoo kabla ya kengele. Nimesimuliwa tu kwamba tulirudi Mtwara usiku ule. Mimi sikumbuki Mingoyo, sikumbuki Mikindani, nakumbuka niko kitandani na mke wangu kashika taa ananiuliza mimi ni nani na mimi namuangalia nafikiri ni swali gumu.

Alinikamata mkono asubuhi akaniambia, baba fulani, ukipanda tena unikute kwa mama. Hakupiga kelele. Ndo taulo langu lile, maana kwenye ngumi mtu wa kona yako akirusha taulo ulingoni pambano linasimama. Mtu hajawahi kukanyaga ukumbi wa ngumi maisha yake, alijua kitu ambacho kocha na promota na marafiki zangu wote hawakukiona, au walikiona wakahesabu mgao wao kwanza.

Kwahiyo mimi nikiangalia Roy Jones sina ubavu wa kumcheka. Swali langu liko kwa waliomzunguka. Nani alishika taulo? Wale waliokula nae 2003 walikuwa wapi 2011 Moscow?

Maana wapo walioweza. Oktoba 1, 1975 Manila, Muhammad Ali na Joe Frazier, raundi kumi na nne wameuana. Frazier jicho moja limefunga na lingine linaelekea huko. Imebaki raundi moja tu ya kumaliza, na kocha wake mzee Eddie Futch anasema basi. Frazier anakataa, anasema namtaka, niache. Futch akamuweka mkono begani akamwambia kaa chini mwanangu, yameisha. Wapo waliomlaumu yule mzee. Ukiniuliza kocha bora wa karne iliyopita nani, mimi sitaji aliyeshinda mikanda, nataja Futch.

Na huyo Ali, wazee mnakumbuka, Februari 1980 alikuja Dar, katumwa na Rais Carter kutushawishi tusiende Olimpiki ya Moscow. Mwalimu hakumpokea, iweje nchi kubwa inamtuma bondia kuzungumza mambo ya nchi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nane naisikia redioni. Ali keshakuwa na miaka 38, kasema kastaafu. Oktoba ile ile akarudi ulingoni na Larry Holmes, mtu aliyewahi kuwa mwenzie wa mazoezi, na Holmes alikuwa anampiga huku anamuangalia refa kama anasema nisaidie. Baada ya raundi ya kumi Angelo Dundee akasema imetosha, na kuna mwenzie wa kona hiyo hiyo anamvuta asisimamishe. Dundee akang'ang'ania. Na bado mwaka uliofuata Ali akapanda tena kwa Trevor Berbick, Bahamas, akapoteza. Miaka mitatu baadae madaktari wakasema ana ugonjwa wa Parkinson. Kwahiyo sisemi taulo moja linamaliza kazi. Wakati mwingine unalirusha, mtu analiokota analifuta jasho anaendelea.

Kitu cha mwisho kuhusu Roy, hiki nakipenda. Kule Seoul 1988 fainali alipigana na Park Si-hun wa Korea Kusini, Roy alimfikishia ngumi 86, yeye kafikiwa 32, na majaji wakampa Park tatu kwa mbili. Wizi mchana kweupe, hata Park mwenyewe uso wake siku ile unasema. Roy kakaa na ile medali ya fedha miaka yote. Basi mwaka 2023 Park, mtu mzima, kasafiri kutoka Korea mpaka Pensacola, kaingia nyumbani kwa Roy, katoa ile medali ya dhahabu kampa mkononi. Roy akalia. Miaka thelathini na mitano. Niliangalia ile video mara nyingi, na ninachokiona sio medali, namuona Roy mzee, mzito, mvi, anaelewa kila neno na anajibu vizuri, nikasema alhamdulillah, huyu katoka na kichwa chake. McClellan hakutoka. Mimi sijui kama nimetoka chote, muulizeni mke wangu.

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa. Na naona kuna kijana kona nyekundu pale anapasha mikono iko kiunoni, ndo yule yule wa kuangalia vipande. Baba, wewe sio jogoo, nyanyua mikono. Juu zaidi. Hapo.

Nani anashika taulo kona nyekundu? Hakuna? Mama yake yupo? Mama, njoo hapa mbele, leteni kiti, kaa karibu na kamba. Chukua hili. Hapana mama, ujuzi hauhitajiki, wewe unamjua mwanao akiumwa anakaaje. Ukiona anakaa hivyo, rusha, akikasirika mwambie ni mimi nimekutuma.

Kona ya bluu na nyie. Baba yake? Njoo mzee.

Piga kengele.